Shahidi wa Yai la Tatu

Maabara ile haikuwa na harufu yoyote. Ukiajiriwa pale, kabla hujaoneshwa hata choo kilipo, unasomewa masharti: manukato marufuku, mafuta ya nywele yanayonukia marufuku, rangi ya kucha marufuku, na kitunguu kibichi utakula siku ya mapumziko, ukiwa kwako. Yai la binadamu likishatolewa mwilini mwa mwenyewe linakaa katika kisahani bila ulinzi, na hewa chafu inaweza kuliua. Kwa hiyo wafanyakazi wa pale walitembea mitaani hawanukii kitu, si uturi wala jasho.

Jumatatu moja asubuhi, Sindano alifungua mlango wa maabara akasikia harufu ya yai viza.

Sindano ni jina alilobandikwa na wenzake. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, na kazi yake ilikuwa kuchoma mbegu ya mwanamume ndani ya yai la mwanamke kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Miaka kumi na moja mkono wake haukuwahi kutetemeka. Aliujua uzuri wa mkono huo, na alipenda watu waujue.

Alivuta hewa tena. Ilikuwa ile harufu hasa, ya yai lililosahauliwa na kuku wiki tatu, kisha likapasuka mkononi mwa mtu. Akamwita msaidizi wake, kijana ambaye kila mtu alimwita Mafua kwa kuwa pua yake haikukauka mwaka mzima.

"Husikii kitu humu?"

"Dada, mimi pua nimewekewa pambo tu," alisema Mafua, akijifuta chini ya barakoa. "Nikisikia harufu leo, nitachinja mbuzi."

Sindano alikagua pipa la taka, sinki, bomba la maji machafu. Vyote vilikuwa safi. Harufu ilizidi kwenye pembe moja, kati ya ukuta na kabati la joto ambamo mayai yaliyochomwa hulala yakikua. Hapakuwa na kitu pale ila vigae. Alipinda mgongo akapitisha kitambaa cheupe, na kitambaa kilirudi na ute wa manjano uliovutika kutoka sakafuni mpaka mkononi mwake, kama makamasi ya mtoto mwenye homa. Alikitupa, akanawa mikono mara tatu. Kanuni ilimtaka aandike katika daftari la kasoro na asimamishe kazi. Hakuandika, maana siku hiyo ilikuwa ya Mwalimu.

Mwalimu alifundisha chekechea. Kwa miaka tisa ya ndoa alifuta pua za watoto wa watu, akawafunga viatu, akawafundisha kusema ahsante, na kila jioni akawarudisha mlangoni kwa wenyewe. Mawifi zake walimwita jina ambalo sitalirudia hapa. Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu mnene, mpole, mwenye nyusi zilizoungua kwa tanuri. Alipopimwa ikaonekana mbegu zake ni chache, na hizo chache ni vivu, nyingi zina vichwa vilivyopinda. Daktari alisema huenda joto la tanuri limechangia, huenda halikuchangia. Mwokaji hakungoja kuulizwa. Aliwaita dada zake wote sebuleni, akawaambia, "Tatizo ni langu. Kuanzia leo atakayemsema mke wangu aniseme mimi." Mficha uchi hazai, aliongeza, na mawifi wakaangalia zulia.

Sindano alikuwa amewakalisha katika chumba kidogo cha ushauri, akawachorea kwa kalamu.

"Kwa kawaida mbegu maelfu kwa maelfu zinalikimbilia yai, na moja inapenya. Za baba hazina nguvu ya kupenya. Kwa hiyo mama atachomwa sindano kwa siku kumi hivi, mayai yake yaive. Daktari atayavuta. Baba atatoa mbegu zake kwenye kikopo. Mimi nachagua moja iliyo nzima, naigonga mkia isitapetape, naivuta kwenye sindano, naichoma ndani ya yai, naiacha humo."

"Unaigonga mkia?" aliuliza Mwokaji.

"Lazima."

"Maskini ya Mungu," alisema, na Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na kila yai linashika?"

"Hapana, kaka yangu, sikudanganyi. Kwenye mayai kumi, saba yanaweza kushika. Yanayoshika si yote yanayofika siku ya tano. Na yanayofika si yote yanayokuwa mtoto."

Mwalimu aliacha kucheka. "Na mtajuaje kwamba ni yetu? Humo ndani si kuna ya watu wengi?"

"Kila hatua ina shahidi," Sindano alimjibu, akamshika mkono. "Sigusi kitu bila jicho la pili kuona. Hilo nakuahidi mimi mwenyewe."

Jumatatu hiyo Daktari alivuta mayai matatu. Alitegemea nane. Alipomaliza alimwambia Mwalimu kwa upole kwamba kisima kinakauka, kwamba haya ndiyo ya mwisho, asitegemee kuvutwa mengine. Mwalimu, bado ana usingizi wa dawa, aliinua vidole vitatu hewani. "Watatu wananitosha," alisema.

*

Desturi ya ushahidi ilikuwa hivi. Kila yai lina kisahani chake. Sindano anasoma kwa sauti jina la mke, jina la mume na tarehe zao za kuzaliwa kama zilivyoandikwa kwenye kisahani, kisha kwenye kikopo cha mbegu. Anaita, "Shahidi?" Mwenzake anatazama kwa macho yake, anajibu, "Nimeshuhudia," anatia sahihi. Kanuni inasema mtazamane usoni. Lakini mazoea yana taabu. Baada ya miaka kumi na moja Sindano hakuinua tena macho kwenye hadubini. Aliita, akajibiwa, akachoma.

Taa zilipunguzwa, maana mayai hayapendi mwanga. Yai la kwanza lilikwenda vizuri. Aliita, Mafua akajibu akiwa kuliani kwake kama siku zote. Alichagua mbegu moja, akaigonga mkia, akaivuta, akalishika yai kwa mrija wa pili, akachoma. Yai lilibonyea likarudi. La pili likaenda hivyohivyo.

Kwa la tatu alisoma majina, akaita, "Shahidi?"

Alisubiri, jicho kwenye hadubini.

"Nimeshuhudia."

Jibu lilitoka nyuma ya sikio lake la kushoto. Lilikuwa na mate mengi, kama la mtu anayesema kabla hajameza, na pumzi yake ilimgusa shingoni ikiwa vuguvugu. Mafua yamemzidi leo, aliwaza Sindano, na atabadilisha lini upande wa kusimama? Akachoma. Mkono haukutetemeka.

Alikuwa anaondoa sindano mlango ulipofunguliwa. Mafua aliingia akifunga barakoa mpya.

"Samahani, dada, nilibanwa na chafya nikatoka, nisije nikachafua. Haya, tuendelee na la tatu."

Sindano hakugeuka upesi. Aliona kwanza mikono yake mwenyewe juu ya meza, halafu kioo cha kabati la joto, halafu Mafua mlangoni, hatua sita kutoka pale ile pumzi ilipokuwa.

"Nimeshamaliza," alisema.

"Nani kakushuhudilia?"

Walitazama fomu. Mistari miwili ilikuwa na sahihi ya Mafua. Wa tatu ulikuwa na alama ya dole, si la wino, ni la ute wa manjano ulioanza kukauka pembeni, na dole lile halikuwa na mistari kama vidole vya watu. Lilikuwa laini tupu.

Mafua aliacha kazi yake katikati, naye alijua adhabu yake. Sindano alichoma bila kumtazama shahidi usoni, naye alijua yake. Walitazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani.

"Tusiharibiane, dada," alinong'ona Mafua. Akachukua kalamu akatia sahihi juu ya lile dole. Kalamu iliteleza mara mbili kabla haijaandika.

*

Siku ya kwanza mayai yote matatu yalikuwa yameshika, kila moja lina miviringo miwili ndani, wa mama na wa baba. Sindano alipiga simu, na akasikia Mwokaji akipiga kelele kiwandani mpaka mtu akaangusha trei.

Siku ya pili mawili yalikuwa na seli nne nne, kama inavyotakiwa. La tatu lilikuwa na kumi na mbili. Hakuna yai linalokimbia namna hiyo. Na harufu ilikuwa imehama. Haikuwa tena pembeni, ilikuwa ndani ya kabati la joto, na Sindano alipofungua ilimpiga kifuani, nzito, ya joto, akaisikia hadi kwenye ulimi. Kioo cha ndani cha kabati kilikuwa na alama ya midomo. Mtu alikuwa amebandika kinywa wazi kwenye kioo akadondosha udenda ukatiririka mpaka kwenye kizingiti. Aliufuta kwa nje, haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.

"Ni mvuke tu," alisema Mafua, akitazama sakafu.

"Mvuke una meno?" Sindano alimwonesha. Pembeni mwa alama ile palikuwa na vijistari vidogo, vilivyokaa kwa mpangilio, kama vya mtu aliyeng'ata.

Siku ya tatu aliingia peke yake, saa nne asubuhi, jua kali nje, watu wanapiga honi barabarani na muuza magazeti anabishana na mlinzi, akavaa barakoa mbili moja juu ya nyingine, akatoa kisahani cha kwanza akakiweka chini ya hadubini na kuona kwamba lile yai halikuwa limekufa kama mayai yanavyokufa, maana yai likifa linasinyaa na kufanya weusi, bali hili lilikuwa limenyonywa, limebaki ngozi tupu iliyokunjamana na tundu upande mmoja lenye kingo zilizotafunwa, na cha pili kilikuwa hivyohivyo, na alipoweka cha tatu aliona maji ya lishe yamekuwa mazito kama maziwa yaliyoganda, yana nyuzinyuzi za manjano, na katikati ya nyuzi hizo kile kiinitete cha siku tatu, ambacho hakina macho, hakina kinywa wala msuli wa kutikisa chochote, kikajigeuza polepole kama mtu aliyeshiba anavyojigeuza kitandani, kikatoa upande wake wenye unyevu, kikalamba kioo.

Sindano alitapika ndani ya barakoa zake. Hakuwahi kufika kwenye sinki. Alisimama pale na uchungu wa nyongo puani, ukimtiririkia kidevuni, na kitu kilichomchukiza kuliko matapishi yake mwenyewe ni kwamba yalinukia vizuri kuliko kisahani kile.

Jioni alimpigia Mwalimu simu. Alimwambia mawili hayakuendelea.

"Na la tatu?" aliuliza Mwalimu.

"La tatu linakua."

"Basi linatosha," Mwalimu alisema, na Sindano akamsikia analia kwa furaha huku anajizuia asisikike.

*

Aliyejua habari zote bila kuambiwa alikuwa mfuaji wa mashuka na makoti ya kliniki. Walimwita Mama Mashuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyochubuka kwa dawa ya kufulia, na siku za mapumziko watu walimletea jamaa zao waliopandwa na majini; hakujitangaza wala hakutundika kibao. Siku ya nne alimngoja Sindano kwenye chumba cha kufulia, akamwonesha koti jeupe lenye doa kwenye kola, upande wa kushoto.

"Hili koti ni lako?"

"Langu."

"Nimelichemsha mara nne. Nimelitia dawa ya kung'oa hata rangi ya ukuta. Nusa."

Sindano hakunusa. Alikuwa ameshasikia.

"Mwanangu, mimi si mjinga," alisema Mama Mashuka kwa sauti ya chini, akafunga bomba ili asikike. "Nani alikusemea shingoni?"

Sindano alisema yote, mpaka sahihi ya Mafua juu ya dole. Alisema haraka, akijitetea katikati, kwamba ni mazoea, kwamba kila mtu anafanya, kwamba Mafua ndiye aliyetoka. Mama Mashuka alimwacha amalize.

"Jini mchafu kama huyo hukaa kwenye mifereji, kwenye taka za hospitali, anakula anavyokula. Mali ya mtu haigusi mpaka aitwe. Wewe umemwita. Tena hukumwita mgeni, umemwita shahidi. Shahidi ana haki. Aliyeshuhudia kitu ana sehemu katika kitu hicho."

"Nikitupe kile kisahani?"

"Ukitupe uende naye kwako? Anataka mwili, atachukua ulio karibu." Alikunja koti, doa likiwa ndani. "Dawa yake ni ndogo, nayo ni chungu. Utasimama mbele ya wenye yai, wote wawili, kabla halijawekwa tumboni. Utasema wakusikie mpaka mwisho: 'La tatu halikuwa na shahidi. Aliyejibu simjui.' Basi. Ushahidi ukikanwa mbele ya mwenye mali, yule hana lake. Litakufa palepale, na maabara yako itarudi kuwa haina harufu."

"Lakini hilo ndilo la mwisho! Mwalimu hana lingine!"

"Hana hata hilo, mwanangu. Hilo si lake."

Sindano alikaa juu ya kapu la mashuka. "Watanifukuza kazi. Kila mtu atajua."

"Mficha uchi hazai," alisema Mama Mashuka.

"Mimi sitafuti mtoto."

"Wewe hutafuti. Ila uchi unaoficha ni wako, na tumbo ni la mwenzio."

*

Siku ya tano Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chumba cha maandalizi, amevaa gauni la kijani la wagonjwa, miguu inaning'inia. Mwokaji alisimama karibu naye, amevaa shati la harusi lililombana tumboni. Sindano aliingia akafunga mlango. Alikuwa amekariri yale maneno tangu alfajiri.

"Mwalimu. Kaka. Nina neno kabla hatujaanza. Lile la tatu..."

"Limekufa?" Mwalimu aliuliza, na uso wake ukabadilika rangi.

"Hapana. Lina afya. Lina afya kupita kiasi. Ila siku ile ya kuchoma, lile la tatu..."

"Halijakaa sawa? Lina kasoro?"

"Si hivyo. Nisikilize kidogo. La tatu halikuwa..."

"Dada yangu." Mwalimu alimshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa baridi. "Usiniambie. Miaka tisa naambiwa. Daktari huyu kaniambia hivi, yule kaniambia vile, mawifi wameniambia yao. Leo sitaki kuambiwa kitu. Lipo hai?"

"Lipo hai."

"Basi hata likiwa na mkia, nitatoboa nepi."

Mwokaji aliangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa tai. "Mpeleke, dada," alisema. "Mpeleke mwanangu kwa mama yake."

Sindano alikuwa amebakiza maneno machache sana. Angeweza kusema. Mlango ulifungwa, wote wawili walikuwepo, masikio yao yalikuwa wazi. Nimeisikia hadithi hii ikisimuliwa na watu wanaosema alikatizwa, masikini, afanyeje. Uongo. Alikatizwa, na moyoni alishukuru. Alitabasamu, akampigapiga Mwalimu begani, akatoka.

Katika chumba cha kupandikiza Daktari alikuwa tayari, mrija mwembamba mkononi. Sindano alileta kisahani akipumua kwa mdomo. Alisoma jina la mke, jina la mume, tarehe zao. Safari hii aliinua macho, akamkodolea Mafua usoni.

"Shahidi?"

"Nimeshuhudia."

Mafua hakuwa amefungua kinywa. Barakoa yake ilikuwa imeshuka chini ya kidevu, na midomo yake ilikuwa imebanana mpaka imekuwa myeupe. Machozi yalimtoka. Daktari, aliyeinama kazini, hakuona kitu; alisema, "Vizuri," akavuta kile kiinitete kwenye mrija, akakiweka tumboni mwa Mwalimu kwa uangalifu mkubwa, kama alivyofundishwa.

Kanuni inataka mrija urudishwe maabara uchunguzwe, isije ikawa kitu kimebaki humo. Sindano aliuchunguza. Ulikuwa mtupu. Alifungua kabati la joto: kioo kilikuwa kikavu, kinang'aa. Alipiga magoti kwenye pembe, akanusa vigae. Hapakuwa na harufu yoyote. Alijichukia kwa jinsi alivyofurahi.

*

Baada ya wiki mbili damu ya Mwalimu ilipimwa, mimba ikaonekana. Wiki tatu baadaye walikuja kwenye kipimo cha picha, kutazama moyo kama unapiga.

Sindano alijua wamefika kabla hajaitwa. Aliwaona watu wa mapokezi wakitoka nje mmojammoja, vitambaa puani. Mama mmoja alikuwa anatapikia kwenye chungu cha maua. Katikati ya viti vitupu Mwalimu alikaa peke yake, amenenepa, anang'aa, amevaa gauni jipya, anakula karanga. Tumbo la wiki saba halionekani. Lake lilikuwa limetangulia mbele kama la miezi mitano, na kitambaa cha gauni kilikuwa na unyevu wa manjano pale kitovuni.

"Dada wee!" alisema, akasimama kumkumbatia. Sindano alikubali kukumbatiwa. Alibana pumzi, lakini kulikuwa na joto, na unyevu ulipita hadi kwenye koti lake, na kitu kwenye tumbo lile kilimsukuma kwa nje, polepole, kikimpapasa.

Mwokaji alikuwa dirishani. Amekonda, shati linaning'inia. Alimvuta Sindano pembeni.

"Mtaalamu, naomba unieleze, mimi si msomi," alinong'ona, akipumua kwa mdomo. "Nyumbani hakukaliki. Mikate inaumuka vizuri, ukiikata ndani imeoza. Wateja wamekimbia. Yeye hasikii hata kidogo, anasema mimi nina wivu. Na halali mtu mmoja kwenye kile kitanda, nasikia wakiongea. Niambie kweli, dada yangu. Hii ni kawaida?"

Mtu huyu aliwaita dada zake wote akawaambia aibu yake kwa kinywa chake. Alimtazama Sindano machoni, akingoja naye aseme yake.

"Ni kawaida," alisema Sindano. "Mimba huja na harufu. Itapita."

"Ahsante," alisema Mwokaji. "Ahsante sana. Nilikuwa naogopa bure."

Chumbani Daktari alifanya kazi haraka, kitambaa puani, jasho linamtoka. Kwenye kioo cha mashine kulitokea kivuli, na katikati ya kivuli nukta iliyokuwa ikipigapiga. Mwalimu aliiona kwanza. Aliweka mkono mdomoni.

"Baba," alimwita mumewe, na lilikuwa neno alilolingoja miaka tisa. "Baba, njoo. Huyo hapo. Umemwona? Dada, njoo nawe, si ni kazi ya mikono yako? Njooni wote mshuhudie."

Mwokaji alifungua kinywa kujibu. Sindano naye alifungua chake, akayatafuta yale maneno, la tatu halikuwa na, la tatu halikuwa na, na alichopata ulimini ni ladha ya yai viza tu.

"Nimeshuhudia."

Sauti ilitoka chini ya shuka. Ilikuwa na mate mengi, na ilikuwa imekua.

Daktari alidondosha kifaa. Mwokaji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mwalimu peke yake hakuogopa. Aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo, akawatazama wote akicheka, machozi ya furaha yakimtiririka mashavuni.

"Mmesikia wenyewe?" alisema. "Nikimwita tu, ananiitikia."